Vidole Vinne vya Kavoi

Kavoi amekereza vyuma kwa mashine kando ya reli, hapa Laini Saba, miaka ishirini na nane. Mimi huuza uji mlangoni pake, kwa hiyo haya niliyaona. Akikutengenezea kitu, lazima aongeze kidogo. Hata mguu wa stuli atauacha mrefu, aseme, "Mungu hatupimii kwa kubana."

Mwaka jana Morris, mwenye mashua ya tanga kule Naivasha, alimletea shafti iliyolika. Hicho ni chuma kinachotoka kwa injini, kinapita kwenye tundu chini ya mashua, na propela inafungwa kwenye ncha ya nje. Kavoi, mtu wa Kitui ambaye hajawahi kupanda mashua, akamkerezea mpya.

Wiki mbili baadaye, Morris huyo, shafti begani, propela mkononi.

"Fundi, hii kitu inatetemeka mpaka meno inagongana! Maji imeanza kuingia. Umenipea chuma imepinda."

"Haijapinda."

"Basi ni mimi nimepinda? Ikitetemeka tena, hakuna mtu wa mashua atakuja hapa."

Githinji, jirani wa kuchomelea vyuma, akadakia, "Mkamba na mashua, wapi na wapi!"

Kavoi alilaza kipande cha kioo mezani. Akaiviringisha shafti juu yake aone kama inarukaruka. Imenyooka kabisa. Akamwambia Morris atie alama ya chaki pale tundu linapoishia, kisha akafunga propela, akaibana shafti hapo kwenye alama kwa vaisi, lile koleo la mezani, na kugonga propela kwa kidole. Chuma kinene vile kikatetemeka, kikalia! Akakibana karibu zaidi na propela, akagonga. Kimya.

Niliacha upawa ndani ya sufuria.

Akaiokota shafti ya zamani pembeni, akazilaza pamoja. Mpya ilizidi kwa upana wa vidole vinne, ndiyo maana propela ilining'inia mbali na tundu.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuongezea."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

Akakata vidole vinne, akakereza ncha upya mpaka saa kumi. Nami nikawa naomba kimoyomoyo, kwa maana jina la miaka yote hiyo lilikuwa kwenye kile chuma.

Jumamosi simu ya Kavoi ikalia, akaiweka spika.

"Mzee! Niko katikati ya ziwa. Nimeweka kikombe ya chai juu ya injini, na haimwagiki!"

Githinji akazima mashine yake, akasogea. Injini ilinguruma taratibu, kama paka aliyeshiba. Bwana asifiwe, vidole vinne tu!

Kavoi alivua kofia.

"Morris," akasema, "nyamaza kidogo. Nataka kusikia maji."