Tausi Kwenye Msiba wa Mama

Sipendi kuisimulia hii, na hata sasa nikikutana njia ya Kivukoni na mtu aliyekuwepo msibani naangalia pembeni, lakini kwa kuwa watu wameshaisimulia vibaya, acha niiseme mwenyewe.

Mdogo wangu Anjela anaigiza kwenye tamthilia ya televisheni, ya familia ya majambazi. Yeye ni Tausi, dada yao, mlevi, anayeiba hadi kitanda cha mama yake na kuwauza kaka zake kwa polisi. Anaigiza vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana mama yetu alipofariki na Anjela akashuka kwenye basi hapa Ifakara macho yamevimba, hakuna aliyemwona Anjela. Walimwona Tausi.

Mama mkubwa, dada wa mama kabisa, alifunga chumba cha marehemu na ufunguo akautia kwenye sidiria. "Kitanda kimo humo," akawaambia wanawake, wakacheka chini chini. Anjela alipolia, mmoja akasema, "Mwacheni, hayo ni ya kamera." Mwingine akampiga picha. Mtu anamlilia mama yake, naye anapigwa picha. Mdogo wangu akanyamaza kwenye kona ya mkeka, wakaanza tena: "Mnaona, hata uchungu hana."

Mimi nikaamua kuvumilia hadi tuzike (uamuzi mdogo tu, wa heshima). Nikaenda kuosha mchele na hasira zangu, naosha, naosha, mchele wenyewe ulishatakata zamani.

Ndipo akatokea mama mmoja nisiyemjua, kavaa miwani nyeusi na wigi kama la Tausi, chupa mkononi, anayumba katikati ya waombolezaji. "Mama kafa, kitanda kiko wapi? Nina mteja kule kijijini Namawala." Watu wakaangua kicheko. Sikuuliza kitu. Nilibeba karai zima la maji ya mchele nikammwagia kuanzia wigi hadi miguu, na nikamwambia maneno nisiyoweza kuyaandika, padri akiwa amesimama pale.

Mzee mmoja akasema taratibu, "Binti, umemmwagia mtani."

Asiyejua aelewe: kwetu mtani akija msibani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu na wafiwa pia, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Mimi, binti mkubwa wa marehemu, nimemwogesha mtani wa mama yangu. Nikamgeukia Anjela nikidhani nimemlipizia, nikamkuta ameshika mbavu. Alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike.

Mtani hakufuta hata uso. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa hapo hapo kando ya shamba letu, akashuka ndani, akaketi. "Sitoki," akasema, "mpaka huyu anayeogesha watu naye amwigize Tausi. Tuone kama ni rahisi."

Nikavalishwa wigi linalochuruzika. Mbele ya jeneza la mama yangu nikayumba, nikasema, "Mama, nipe kitanda," kama mtu anayesoma tangazo la mkutano.

"Si hivyo, dada," Anjela akaniambia. "Legeza shingo. Na usiombe, Tausi haombi, anachukua."

Nikajaribu tena, nikateleza kwenye udongo, nikaanguka miguu juu. Walicheka wote, hadi padri alijifunika uso kwa kitabu chake.

Mtani akatoka kaburini, akamshika Anjela mkono. "Mmeona wenyewe. Ile ni kazi, na dada yake imemshinda. Huyu anayezikwa hapa ni mama yake. Mwacheni alie."

Akalia, na hakuna aliyetoa simu.

Baada ya maziko mama mkubwa akautoa ufunguo kwenye sidiria, akanipa mimi. Si Anjela, mimi, naye Anjela amesimama pembeni yangu. Kwa hiyo hasira yangu haijaisha, sitadanganya. Nimeapa sitammwagia tena mtu maji msibani kabla ya kumuuliza ni mtani wa nani. Ila mama mkubwa sina haja ya kumuuliza.