Jumamosi Hatupiki

Mtaani walimwita Mama Pazia, ingawa hakuwa na mtoto, kwa sababu lilikuwa nadra pale dirisha lenye heshima ambalo hakulivisha yeye. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga na mumewe. Cherehani ilikaa karibu na mlango, meza ya kukatia katikati, na majora ya vitambaa yalisimama pembeni kama wageni waliokosa viti. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Akirudi hulala mchana kutwa, akaamka, akala, akasimulia vituko vya njiani, kisha akaondoka tena. Kwa hiyo Mama Pazia alikuwa amezoea kujiamulia mambo yake, hasa ya jikoni.

Ndipo mama mkwe akaja.

Mama mkwe alikuwa amefanya kazi miaka na miaka katika chumba cha kufulia cha hospitali, akichemsha mashuka, akiyaanika, akiyapiga pasi. Alipostaafu, nyumba yake ikawa kimya mno. Mwanawe akamwambia, "Mama, njoo ukae nasi." Akaja na masanduku mawili, na sufuria yake mwenyewe aliyoipakata safari nzima. Yule aliyesema "nasi" aliwasha lori lake asubuhi iliyofuata akaenda zake, akawaachia wanawake wawili jiko moja.

Hawakugombana. Afadhali wangegombana. Chumvi ilihama rafu ya chini ikapanda ya juu. Vijiko vilipinduliwa vikaangalia chini. Vitambaa vya kufutia vyombo vilichemshwa hadi maua yake yakafutika. Siku moja Mama Pazia alibandika maharage, akaenda mbele kumpima mteja pazia. Mama mkwe akapita, akaonja, akatia chumvi bila neno. Mama Pazia akarudi, naye akatia yake. Mezani kila mmoja alimeza kwa shida, akanywa maji, akasema, "Matamu."

"Mvumilie," mumewe alimwambia kwenye simu. "Ni mama."

"Namvumilia," akajibu Mama Pazia. "Na yeye ananivumilia mimi. Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Fahali wawili hawakai zizi moja, na jiko lile lilikuwa dogo kuliko zizi. Mama Pazia alilifikiria jambo hilo wiki nzima huku akipiga mapindo. Ilipofika Jumamosi asubuhi alivua kanga ya jikoni, akavaa gauni la kutokea.

"Mama," akasema, "leo hatupiki."

"Kwani gesi imeisha?"

"Ipo. Nataka nikuonyeshe mahali ninapopapenda."

Mama mkwe akaenda kutafuta viatu.

Kwanza walikwenda kwa Bwana Taratibu, aliyeuza chai kando ya fundi baiskeli. Banda lake lilikuwa na mabenchi mawili na meza iliyofunikwa kwa kitambaa cha plastiki. Chai yake ya tangawizi ilichemka, ikashushwa, ikatulia, ikarudishwa motoni, na yeye akisimama juu yake kama anayemlinda mgonjwa. Ukimharakisha, alikupa maji ya moto akakwambia chai ni kesho.

Mama mkwe aliketi ukingoni mwa benchi, pochi yake kifuani. "Mtu mzima na akili zake," akanong'ona, "akae barabarani anywe chai, watu wapite wamtazame?"

"Watapita, Mama. Na sisi tutawatazama."

Wakawatazama. Alipita mwanamke aliyebeba kioo kikubwa, na mawingu yakapita naye. Alipita bwana aliyekuwa akizozana na mbuzi, na mbuzi ndiye aliyeonekana kuwa na hoja. Chai ilipofika, mama mkwe alikunywa kidogo, akanywa tena. Pochi ikashuka mapajani.

Kutoka pale waliingia uchochoro wa maseremala hadi uani kwa Dada Mrefu, mpika supu. Mabenchi yake yalitokana na mbao zilizokataliwa na seremala jirani, na harufu ya maranda ilichanganyika na ya nyama na ndimu.

"Kaa upande huu," Mama Pazia alimwambia mkwewe. "Lile benchi lina mguu mfupi, lina tabia ya kumwaga watu."

Mama mkwe alionja supu akiwa ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza jambo chumba cha pili. Ilikuwa wazi kwamba anatafuta kasoro. Alionja mara nyingine, akaweka kijiko.

"Binti, nani alikufundisha kupika hivi?"

"Njaa, mama yangu," akajibu Dada Mrefu, akiendelea kukata mkate.

Mama mkwe akacheka. Mama Pazia hakuwahi kumsikia akicheka, na kilimshangaza kicheko chenyewe, kinene, cha tumboni, kama cha mumewe hasa.

Mwisho walishuka hadi kwenye kijito. Palikuwa na daraja la mbao, na ng'ambo yake kitalu cha miche. Hapo ndipo alipopapenda Mama Pazia kuliko pote. Alikuwa akienda huko kila alipochoka kuona vitambaa, akakaa juu ya jiwe, akatazama rangi za majani ambazo hakuna kiwanda kilichowahi kuzipata. Hakuwahi kumpeleka mtu, hata mumewe. Walikaa wakitafuna miwa bila kusema mengi. Nyuma ya kitalu, ngazi za mawe zilizofunikwa na majani zilipanda kilimani.

"Zinakwenda wapi zile?" akauliza mama mkwe.

"Kwenye tangi la maji. Hakuna kitu huko."

"Ulishapanda?"

"Hapana."

Walipokuwa wakiondoka, mama mkwe aliziangalia tena.

Ikawa desturi yao. Jumamosi hawakupika. Siku za wiki jiko lilibaki lilelile na chumvi iliendelea kusafiri, ila sasa walikuwa na la kuongea: kama Bwana Taratibu amewahi kuoa, na kama ndiyo, mkewe alikuwa na subira kiasi gani.

Kisha Mama Pazia akapata kazi kubwa, mapazia ya ukumbi wa sherehe, kila moja refu kama mlingoti. Jumamosi ile alikaa kwenye cherehani tangu alfajiri. Mama mkwe alitoka chumbani amevaa viatu na mtandio. Akaketi. Mama Pazia alikuwa na pini mdomoni, akasema "Kidogo tu, Mama," akazama tena katika kitambaa. Alipoinua kichwa jua lilikuwa limevuka upande wa pili wa nyumba, na kiti kilikuwa kitupu. Simu ya mama mkwe ilikuwa juu ya meza.

Alitoka bila kufunga cherehani. Moyo ulimwenda mbio kuliko miguu. Mguu mmoja wa mama mkwe huvimba akitembea sana, na mtaa hakuujua ila kwa njia ile waliyopita pamoja. Nitamwambia nini mwanawe, aliwaza. Nitasema nilikuwa nashona?

"Alikuwa hapa," Bwana Taratibu alisema, akiangalia sufuria yake. "Alikunywa vikombe viwili. Akaniambia kitambaa cha meza kioshwe kwa maji ya moto na siki."

"Alipita," alisema Dada Mrefu. "Aliniagiza nikusalimie. Kasema usiache kula kwa sababu ya kazi."

Mama Pazia alivuka daraja karibu akikimbia. Mwenye kitalu, aliyekuwa akimwagilia, hakungoja aulizwe. Alielekeza ngazi kwa kichwa.

Alipanda akishika majani. Mawe yalikuwa mapana, yamelika katikati kwa miguu ya watu, na hapo ndipo alipogundua kwamba njia ile haikuwa imeachwa hata kidogo. Juu, kulizunguka tangi la maji, kulikuwa na matuta ya mboga yaliyonyooka, mwamvuli mkubwa uliofifia, na chini yake wazee wa kike na wa kiume wakicheza karata. Mahindi yaliiva kwenye jiko la mkaa. Mama mkwe alikuwa kati yao, mguu wake umelazwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karata kazikusanya kifuani.

"Shikamoo, Mama," Mama Pazia alisema akihema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Huyu bibi ni mwizi wa karata, usikae upande wake."

Bibi aliyetajwa alicheka, akampisha nafasi kwenye mkeka. Mama Pazia aliketi. Alitaka kukasirika, ila pumzi haikutosha. Chini yake mtaa mzima ulikuwa umetandazwa: mapaa ya mabati, uchochoro wa maseremala, mstari mwembamba wa kijito. Aliishi pale tangu aolewe na hakuwahi kuuona wote kwa pamoja.

"Nilikutafuta kila mahali," akasema kwa sauti ndogo.

"Ningekwambia. Nikaona una pini mdomoni, nikasema huyu ana kazi." Mama mkwe alipukuchua punje za mahindi, akamwekea kiganjani. "Unajua, mimi sijawahi kukaa bure. Mikono hii ilikuwa haina pa kwenda, ikaingia jikoni kwako. Nilikuwa nakuona unavyokaza shingo."

"Sikukaza, Mama."

"Ulikaza. Na mimi ningekaza." Alitazama matuta ya mboga. "Hawa wamenipa tuta moja. Wanasema mtu aliyefua mashuka ya hospitali hawezi kushindwa na mchicha."

Mama Pazia akala mahindi yale. Walikaa hadi jua lilipolegea, kisha wakashuka polepole, mama mkwe amemshika bega, wakisimama kila baada ya mawe machache ili mguu upumzike na maneno yapate nafasi.

Mapazia ya ukumbi yalikamilika, kwa sababu mama mkwe aliyapiga pasi yote, na hakuna mtu mtaani aliyewahi kuona mikunjo iliyonyooka namna ile. Kuanzia hapo asubuhi zake zilikuwa za kilimani. Alirudi mchana na kikapu cha mboga, akakiweka mezani, akauliza, "Leo unazipikaje?" Kisha akaketi, akangoja kupikiwa.

Dereva aliporudi kutoka safari alikuta nyumba imefungwa. Akawapigia simu.

"Mko wapi? Mbona hakuna chakula?"

"Leo Jumamosi," mama yake akamjibu. "Vuka daraja la kijito, panda ngazi nyuma ya kitalu. Na usije mikono mitupu."

Alifika ametota jasho, na mkungu wa ndizi begani. Aliwasalimu wazee mmoja mmoja, akanywa maji, akajinyoosha mkekani, na kabla ndizi hazijagawanywa alikuwa amelala. Mkewe akamfunika uso kwa kofia yake. Mama mkwe alikuwa akitazama upande mwingine wa kilima, ule wasioutembelea bado, ambako moshi mwembamba ulipanda kati ya miti.

"Pale," akasema, "kuna mtu anaoka mkate. Nasikia harufu."

"Akiamka twende," Mama Pazia akasema.

"Tukimngoja huyu tutakuta makombo. Vaa viatu."