Mkangazi Hauweki Akiba

Nilipoolewa nilikuta msitu nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Haukuwa mkubwa. Ungeweza kubandika ndizi jikoni, ukauzunguka wote, ukarudi hazijaiva. Lakini hapakuwa na mtu aliyeukata. Machifu wa zamani walizikwa humo, na mikangazi iliyosimama juu ya makaburi yao ilikuwa minene, watu wanne wakishikana mikono hawaimalizi. Mimi nilikuwa nimebatizwa, nilijua kusoma na Kiswahili, na kwa wamisionari nilifundishwa kwamba makaburi hayana nguvu. Hata hivyo sikuingia mle na panga. Kitu cha watu huheshimiwa, uwe unakiamini au hukiamini.

Kijiji chetu kilikuwa kati ya mto Songwe na ziwa. Baba mkwe wangu ndiye aliyekuwa jumbe, maana serikali ya Wajerumani ilimpa kazi ya kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi. Na kwetu mwanamke hamwoni baba mkwe wake. Hasemi naye, hamtazami, hapishani naye njiani. Nikisikia kikohozi chake naingia migombani na kujifunika nguo. Miaka ile yote nilimjua kwa sauti na kwa mwendo wa miguu yake tu.

Amri ilikuja kiangazi kimoja, miaka michache kabla ya vita. Msitu ukatwe. Magogo yaende ziwani kuwa kuni za meli ya serikali, na mahali pake ipandwe misaji, miti ya nchi za mbali iliyosifiwa kwa mbao. Baba mkwe akajibu kwamba hana watu wa kazi hiyo. Wakamlaza chini mbele ya watu wake, wakampa hamsa ishirini, fimbo ishirini na tano. Nilizihesabu nikiwa migombani, nimejifunika, mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Hakulia. Wiki iliyofuata walileta watu kutoka mbali, msitu ukaanguka. Ilibaki mikangazi mitatu tu kwenye korongo la kijito, mahali ambapo magogo yasingeweza kuburutwa kirahisi.

Misaji ikapandwa kwa mistari. Sisi wanawake tukachukuliwa kupalilia.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kati ya mistari ile ardhi ilifunikwa na miche ya mpesi, mti wa porini unaokua haraka. Kila hatua, mpesi. Tunang'oa leo, kesho kutwa imerudi. Msimamizi, mtu wa pwani aliyetembea na kiboko, alimwita Mzungu wa miti aje aone. Mzungu wa miti, ndivyo tulivyomwita, alikuwa mwembamba na alipenda kuinama kutazama majani kwa karibu. Kiswahili alikijua.

"Nani amepanda hii?" akauliza.

Tukaendelea kupalilia.

"Wamepanda wao," msimamizi akasema. "Tukienda zetu jioni wanarudi na mbegu. Wanataka msitu wao."

Mama mkwe akaweka jembe chini. Alikuwa mfupi, meno ya mbele hana, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Akaniambia kwa Kinyakyusa, nami nikamfasiria: "Anasema hakuna aliyepanda. Ilikuwamo ardhini. Ndege huila tunda la mpesi, hunya popote. Mbegu hukaa chini miaka na miaka, inangoja jua. Nyinyi mmeangusha miti, mmeipa jua."

"Uongo," msimamizi akasema.

"Anasema, kama ni uongo, tujaribu kwa vyungu."

Mzungu akacheka, lakini niliona neno limemwingia. Mama mkwe akaleta vyungu vitatu vya wafinyanzi wa Ikombe, vilivyopata nyufa na kuachwa kupikiwa. Mbele ya macho ya Mzungu akajaza cha kwanza udongo wa msitu uliokatwa. Cha pili akajaza udongo wa shamba la zamani ambalo watu walikuwa wamelilima tangu babu zao. Cha tatu udongo wa korongoni, chini ya mikangazi iliyobaki, ambako hapakuwa na mpesi hata mmoja. Akasema vikae barazani kwa Mzungu mwenyewe, askari wake avimwagilie, sisi tusivisogelee.

Vikakaa huko mpaka mvua zikashika sawasawa. Siku tuliyoitwa, wanawake wote walikuja. Chungu cha shamba la zamani kilijaa kishona nguo, ndago na majani mengine ya kusumbua wakulima. Mti, hata mmoja hapana. Chungu cha msitu uliokatwa kilikuwa na mipesi mingi. Na kile cha korongoni, ambako mpesi hausimami, nacho kilikuwa na mipesi, minne au mitano, imenyooka.

Mama mkwe akapiga makofi mara moja. "Ndaga," akasema, akikishukuru chungu.

Msimamizi akatazama pembeni. Lakini Mzungu aliinama juu ya vyungu kwa muda, akageuza kila mche kwa kidole, kisha akanyanyuka anatabasamu.

"Mwanamke huyu amesema kweli," akasema. "Hamkupanda. Sasa nionyesheni mkangazi."

Tukatazama. Haukuwamo katika chungu chochote.

"Miti yenu mikubwa haimo. Udongo wenu umeweka magugu tu. Ng'oeni."

Njiani kurudi mama mkwe alitembea mbele haraka, asigeuke nyuma. Nilimwogopa katika mwendo ule kuliko nilivyomwogopa Mzungu. Tulipofika, alikaa jikoni akaniambia, "Mwanangu, ametushinda kwa neno moja. Nilidhani udongo unaweka vyote."

"Mama, labda vyungu vilikuwa vidogo."

"Hapana. Nimekumbuka. Mbegu za mkangazi zikidondoka, mvua ikizikuta zinaota zote, mguu hupati pa kuweka. Zilizochelewa huliwa na wadudu au huoza. Ukichimba mwaka wa pili hukuti hata moja. Mpesi huweka akiba. Mkangazi hauweki. Akiba yake ni mama yake, akiwa bado amesimama."

Tulielewa sote wawili maana yake. Ile mitatu ya korongoni ikianguka, basi.

Na haikupita miezi sita, amri ikaja ya korongo. Meli ilikuwa inakula kuni nyingi kuliko zilizopelekwa. Watu wa misumeno wangekuja mvua zikikaribia.

Sikusubiri kuambiwa. Mwishoni mwa kiangazi matunda ya mkangazi hukauka mtini na kupasuka, na mbegu zake, bapa na nyepesi, hupeperuka karibu tu na shina. Mimi na mama mkwe tulishuka korongoni kila asubuhi kabla ya kwenda palizi, tukaokota. Tulizifunga kwenye pindo la nguo. Kisha, mchana kweupe, mbele ya msimamizi, tulipalilia kwa namna yetu: mpesi tuliukata juu juu ili uchipue tena na kuleta kivuli, na chini ya kila mpesi tulitoboa ardhi kwa kidole, tukaweka mbegu moja, tukafukia. Wanawake wengine waliona. Siku ya tatu nao walikuja na mbegu. Hakuna aliyewaomba.

Nilikamatwa mimi. Mtoto mgongoni alivuta nguo yangu, pindo likafunguka, mbegu zikamwagika miguuni pa msimamizi. Akanishika mkono mpaka kwa Mzungu. Mzungu akaziokota, akazitambua mara moja. Hakukasirika pale pale. Alionekana kama mtu aliyeibiwa na mgeni wake.

"Aitwe jumbe," akasema. "Amwamuru mkwewe mbele ya watu wote azifukue."

Nilipomsikia baba mkwe anakohoa, nilijifunika kichwa chote na kukaa chini, mgongo nimemgeuzia. Na yeye, waliniambia baadaye, alipoona ni mimi aligeuka papo hapo akatazama migombani. Tukawa tumepeana migongo, hatua kumi kati yetu, na Mzungu katikati anapiga kelele.

"Mwambie!"

Baba mkwe akaendelea kuitazama migomba.

"Jumbe, mwambie huyu mwanamke!"

"Bwana, sioni mwanamke," baba mkwe akasema.

Wanawake wakaanza kucheka ndani ya nguo zao. Msimamizi akajaribu kueleza kwamba ni mila ya washenzi hawa, mkwe na baba mkwe hawaonani. Mzungu akasema serikali haijui mila hiyo. Baba mkwe akajibu, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku ya hamsa ishirini, haikupanda wala kushuka: "Mlinipa ujumbe juu ya watu wangu. Juu ya huyu sina sauti, na wala nyinyi hamwezi kunipa. Bwana akitaka aamriwe, amwamuru mwenyewe." Kisha akamgeukia mama mkwe, aliyesimama kati ya wanawake, akasema kwa Kinyakyusa, polepole, kila neno peke yake, nami najua lilikuwa langu: "Waambie watu wa nyumbani kwangu mvua iko karibu. Wasiache kazi yao."

Mzungu akaja mbele yangu, akaniambia nifunue uso. Nikakataa mpaka baba mkwe alipoondoka. Nilipofunua, akaniamuru nizifukue zote.

"Sitaki," nikasema.

Nilikuwa nimefasiri maneno ya wengine kwa Kiswahili mwaka mzima. Hilo lilikuwa langu. Mtoto mgongoni alianza kulia. Lakini nikarudia, kwa sauti zaidi, "Sitaki. Fukua wewe. Utajua ziko wapi?"

Hakuweza kujua. Mbegu ikishafukiwa, ardhi ni ardhi.

Nilipelekwa bomani, juu milimani kwenye baridi, nikateka maji ya askari na kusomba mawe kwa mwezi mzima na siku kadhaa, mtoto mgongoni. Alipata kikohozi huko ambacho hakikumwacha mpaka alipokuwa mkubwa. Baba mkwe alivuliwa ujumbe. Mume wangu, aliyekuwa mpagazi safarini, alirudi akakuta nyumba imepungukiwa heshima ya serikali, akaniuliza kama ilikuwa lazima. Nikamwambia ndiyo. Hakuuliza tena, lakini hakufurahi, sitamsingizia.

Korongo lilikatwa nikiwa bado bomani. Niliporudi mama mkwe alinipeleka kwenye shamba la misaji, akapinda mpesi mmoja kwa mkono. Chini yake kulikuwa na mche wenye majani mawili ya kung'aa.

Kisha vita ikaja. Mzungu wa miti aliitwa akaenda, msimamizi akatoweka, wanaume wakasombwa kubeba mizigo, mume wangu mmoja wao, naye alirudi amekonda, hana vidole viwili vya mguu. Mama mkwe hakuuona mwisho. Alikufa mwaka wa njaa, wakati askari walipokomba mpunga wa watu, tukamzika pembeni mwa shamba lile la misaji, kwa sababu alitaka hapo. Shamba lenyewe hakuna aliyelipalilia tena. Mipesi ikaipita misaji kwa urefu, misaji ikabaki myembamba, mingi ikafa.

Waingereza walipochukua nchi, alikuja bwana mmoja na mkalimani kukagua. Nilimkuta ndani ya miti ile. Mikangazi ilikuwa imenipita kichwa, arobaini na mitatu, na ninajua kwa sababu niliipitia mmoja mmoja. Mingine mingi ilikufa. Mkalimani akanifasiria kwamba bwana anashangaa jinsi msitu ulivyorudi wenyewe.

"Mwambie haukurudi wenyewe," nikasema. "Mipesi, sawa, ilikuwamo ardhini. Hii mingine imepandwa."

Wakasemezana. Bwana akatikisa kichwa kwa upole, akasema kitu.

"Anasema hakuna mistari," mkalimani akaeleza. "Miti ikipandwa huwa na mistari."

Nikamwonyesha vidole vyangu, kisha nikamwonyesha kaburi la mama mkwe lilipo. Bwana alitazama, akavua kofia kwa heshima, na akaendelea na njia yake. Sikumfuata. Nilikuwa na kuni za kubeba, na zilikuwa za mipesi, maana sisi wanawake tulikubaliana kukata mpesi tu, mkangazi hapana.