Koti la Baba na Mzuka wa Mchana

Mnisamehe mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Niliishia darasa la nne, na huandika polepole.

Baba alifia kwenye machimbo ya shaba, ng'ambo ya mpaka. Wasafiri waliotuletea habari pale Tunduma hawakujua amezikwa na nani. Kwetu husemwa kwamba maiti asipotupiwa udongo na ndugu yake, hatulii. Tangu siku hiyo Mama hakulala vizuri. Usiku nilimsikia akigeuka kitandani.

Mchana mmoja tulikuwa tukipepeta ulezi, mara akatokea mtu amevaa koti la Baba na kofia yake. Shangazi alitupa ungo akakimbilia migombani. Mimi nilijificha nyuma ya Mama.

"Shemeji," yule mtu alimwambia Mama, "nipeni maji kwanza, mtaniogopa baadaye."

Alikuwa Baba Mdogo, naye alifanya kazi kulekule machimboni. Desturi yetu nguo za marehemu huvaliwa na mdogo wake, naye alizivaa njia nzima bila kufikiri tutaona nini.

Shangazi alipotoka migombani watu walimcheka, ndipo ubishi ukaanza.

"Mzuka upo," Bibi alisema, "ila si mzimu. Mzimu ni mtu wetu aliyekufa, bado anatujua. Mzuka ni yule asiyezikwa na watu wake, hajui pa kwenda."

Mwalimu wa kanisa, aliyekuja kumsalimu mgeni, akatikisa kichwa. "Bibi, roho ikitoka iko kwa Mungu. Hakuna anayerandaranda."

"Basi mbona ukipita makaburini unaimba kwa nguvu?" Bibi akamuuliza.

"Napenda kuimba, Bibi."

Tulicheka wote isipokuwa Mama. Yeye aliuliza neno moja tu: "Shemeji, nani alimzika?"

"Mimi. Nilichimba na vijana wa kwetu. Nikatupa udongo wa kwanza, nikamwita kwa jina la ukoo, nikamwambia nyumbani tunamkumbuka."

Mama alifunika uso kwa nguo yake, akalia taratibu. Kesho yake jua lilifika mlangoni akiwa bado amelala, na Bibi akatukataza kumwamsha.

Bibi na mwalimu hawajapatana hadi leo, nami sijui nani mkweli. Ninachojua ni kumshukuru Baba Mdogo, kwa kuzika na kwa kuja mwenyewe kusema. Ninyi mliofiwa na watu wenu ugenini, kwenu mnaaminije? Tafadhali niandikieni.