Baba Kwenye Kigoda cha Makumbusho

Chekeni tu, aibu yangu nimeshaizoea. Hasira ndiyo imegoma kutoka.

Miaka ile mitumba ilipomwagika sokoni na kila jengo kuukuu likawa linatafutiwa kazi mpya, lile jumba la mawe la mjini nalo likageuzwa makumbusho ya sanaa. Baba yangu alilijenga. Si peke yake, ila enzi za Mwingereza, kahawa ilipokosa bei na vijana wa Meru wakakosa kodi ya kichwa, walibebeshwa mawe badala ya kodi. Kuna jiwe moja chini ya dirisha alilolichonga mwenyewe, akataka aliguse kabla hajafa. Basi nikamleta kutoka kijijini kwetu Maji ya Chai, koti la kanisani, blanketi begani, fimbo mkononi.

Mlangoni binti wa tiketi akamwamkia vizuri, "Shikamoo babu," kisha akanigeukia: "Tiketi mbili."

"Dada, huyu alishalipa. Kwa mgongo."

"Bei ni moja, kaka."

Bei moja! (Mimi nauza mitumba soko la Ngarenaro, neno hilo kwangu ni tusi.) Nikabishana hadi watu wa nyuma wakaanza kunizomea, nikasema hatulipi ng'o, nikamzungusha mzee hadi mlango wa stoo, ambao yeye ndiye aliyeujua. Ndani miguu ikamchoka, akakaa kwenye kigoda kilichokuwa kando ya ukuta, kati ya vinyago. Nikamwambia pumzika, naenda kulitafuta dirisha lako.

Kurudi, nakuta wazungu wamemzunguka na kamera, mtembeza wageni anawaeleza mavazi ya wazee wa Kimeru, kumbe wanadhani amewekwa pale pamoja na vinyago! Nikajipenyeza katikati yao, nikafoka:

"Huyu hapigwi picha bure!"

Nilitaka kuwafukuza, jamani. Lakini yule mtembeza wageni akauliza, "Kwani shilingi ngapi?" na mdomo wangu, ambao haujawahi kuliacha swali hilo lipite, ukataja bei. Mzungu mmoja akaikata nusu. Nikasema, "Ongeza kidogo bwana, na fimbo je, huioni?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Baba akasimama.

"Elia, Mwingereza alinibebesha mawe. Hakuninadi."

Akatoka kwa mlango wa mbele, jiwe lake hajaliona. Nikakimbilia kwa yule binti, nikalipa tiketi mbili bila kuomba kupunguziwa; mzee, kwenye ngazi, akakataa hata kuzitazama.

Tangu siku hiyo, nikiwa na baba, hata nyanya nanunua kwa bei ya kwanza. Ila tiketi zile ninazo, hazijachanwa, na bado nasema: kumdai kiingilio mtu aliyejengeshwa nyumba kwa nguvu ni wizi.