Hakukubali, Hakukataa

Nilikuwa na miaka miwili ya ndoa bwana yangu alipofungwa siku saba. Alikosa kazi ya lazima ya barabara, siku watu wote wa kilima chetu, karibu na Kingi, walipoitwa na majembe yao.

Kwenye tribinali ya chefu, palipokatwa kesi, nilikaa nyuma na wamama wengine. Juji akamuuliza, "Unakubali kosa ao unakataa?"

"Sikubali, sikatai," akajibu. "Munipe azabu, nitaibeba."

"Kama haukukosa, sema ulikuwa wapi."

Akaangalia miguu yake mpaka juji akamkatia siku saba. Moyo wangu ukawaka. Kulikuwa na mwanamke wa Lushebere ambaye bwana yangu alimposa kabla yangu, ndoa ikashindikana. Nikasema moyoni: njo huyo mwanamke bwana yangu anamuficha.

Nikamfuata karani mlangoni. "Papa, si amekubali?"

"Hapana, mama. Amepokea azabu tu. Hata mutu akimushitaki kesho juu ya siku ile, karatasi hii haitasema alikubali kitu."

Jibu hilo lilinichoma zaidi. Hata karatasi ilimfichia siri yake.

Kila siku nilimpelekea ugali wa muhogo gerezani, nikauweka chini bila salamu. Siku ya tano nikashuka Lushebere. Yule mwanamke alikuwa anapura maharagi. Alikuwa mzuri kuliko nilivyomkumbuka.

"Bwana yangu alikuwa hapa siku ile ya barabara?"

"Alikuwa, dada. Kaka yangu alitoroka kwenye plantasio, shamba la wazungu, wanamutafuta wamupige fimbo. Bwana yako alimusindikiza kwenye njia ya pori ya kwenda Walikale. Angesema ukweli, wangemufuata."

"Nani alimuomba?"

Akaacha kupura. "Mimi."

Nilirudi nyumbani nikilia njiani. Mashaka yaliisha, wivu ulibaki.

Bwana yangu alipotoka, viganja vimechubuka kwa kufyeka majani ya serikali, nikamwambia nilishuka Lushebere. Akashusha pumzi. "Basi unajua siko na mwanamke mwingine."

"Kama ningekuomba mimi, ungefungwa?"

Akacheka kidogo. "Wewe uko na kaka gani wa kuficha?"

Hilo halikuwa jibu. Sikuuliza tena. Tulizaa, tulilima, tulizeeka pamoja bila ugomvi mkubwa. Lakini yule mwanamke alipokuja kusali kanisani kwetu, nilikaa upande ambao nilimuona bwana yangu vizuri, nikahesabu mara ngapi aligeuza kichwa.