Kibofu cha Babu

"Mke wangu, mkojo usipotoka unakwenda wapi?"

Babu aliniuliza hivyo akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake, nyumbani kwetu Issenye, mikono yote miwili imeshika tumbo. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huo, na nyumbani walikuwa wamechoshwa na maswali yangu: kwa nini mchungaji ajue mapenzi ya Mungu kuliko sisi, kwa nini dawa ya mizizi inywewe bila kupimwa, kwa nini mama haruhusiwi kuingia chumbani kwa baba mkwe wake. Hili la Babu lilinishinda. Nilimwambia labda unarudi kwenye damu.

"Shahada nzima," alisema, "na jibu ni labda."

Kuitwa mke halikuwa jambo geni. Kwetu mjukuu ni mtani wa babu yake, na hakuna neno wasiloweza kuambiana. Mke wa mtoto ni kinyume chake. Mama hakumtazama Babu usoni, hakula mbele yake, na chakula chake alikiacha mlangoni. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, na baba alikuwa kazini kwenye hoteli ya watalii upande wa Ikoma. Nilipoanza kufua mashuka ya Babu kila asubuhi, mama aliyaona kambani. Akampunguzia chai: badala ya birika alituma kikombe kimoja. Mzee anayelowesha kitanda, anywe kidogo. Hata mimi, mtu wa kupinga kila kitu, niliona ni busara.

Siku ya tano mama aliniambia, "Nenda ukamtanie babu yako." Nilielewa. Kuna jambo alitaka liulizwe, na kinywa chake hakikuruhusiwa kuliuliza.

Babu akanieleza. Mkojo ulimdondoka mchana na usiku bila yeye kutaka, lakini akienda chooni na kusimama, hakitoki kitu. Akaniruhusu niguse tumbo. Chini ya kitovu palikuwa na kitu kigumu cha mviringo, kama kibuyu kilichofukiwa ndani yake. Kibofu nilikuwa nakijua wakati wa kuchinja tu: wanaume hukifunga shingo kabla ya kukitoa, mkojo usiharibu nyama, kisha huwatupia watoto wakipulize kiwe mpira. Haikunijia akilini kwamba ndicho nilichokuwa nimekishika.

Tulikwenda hospitali ya Mugumu kwa bodaboda, watu watatu mshikaki, Babu katikati. Kila shimo la barabara alilihesabu kwa kuguna.

Daktari wa zamu alikuwa kijana. Alimpa shikamoo, akamlaza, akagonga tumbo lake kwa kidole kama mtu anayegonga debe kujua maji yamefika wapi. Mlio ulikuwa mzito hadi kwenye kitovu.

"Amejaa," alisema.

"Lakini anavuja," nilimjibu. "Anavuja siku nzima. Mtu anayevuja anajaaje?"

"Umewahi kuliona bwawa la Manchira masika? Likijaa kabisa maji yanamwagika yenyewe. Ukiyaona hayo utasema limekauka?"

Nilikikumbuka kile kikombe kimoja cha chai.

Kisha alivaa glovu. Babu alipoelewa glovu ni ya nini, aliniangalia. "Mke wangu, toka nje. Kuna mambo mume hafanyiwi mbele ya mkewe." Niliporudi alikuwa ameelekea ukutani. "Kijana huyu," alisema, "shikamoo ameileta mbele, kidole akakileta nyuma."

Nilimuuliza daktari huko nyuma ametafuta nini. Akageuza karatasi ya vipimo na kuchora. Mfupa wa kinena mbele. Nyuma yake kibofu. Chini ya kibofu tezi dume, ambayo njia ya mkojo inapita katikati yake, kwa hiyo ikivimba inaibana njia. Nyuma kabisa puru, njia ya haja kubwa, na ukuta kati ya puru na tezi ni mwembamba kiasi kwamba kidole kinaisikia. "Na kwako wewe," alisema akigusa mchoro kwa kalamu, "hapa katikati umelala mfuko wa uzazi, umekiegemea kibofu." Vyote hivyo ndani ya bakuli moja la mfupa. Nilikuwa nimekalia bakuli kama hilo miaka yote, madarasani na kanisani, nikitafuta maajabu ya kubishana nayo mahali pengine.

Alijaribu kupitisha mpira wa mkojo. Haukupita. Akajaribu mwembamba zaidi, ikatoka damu, akaacha. Babu alikuwa ametokwa na jasho na ameacha utani, nami hapo ndipo nilipoogopa. Daktari alisema figo zimeanza kuelemewa, hawezi kungoja gari la kumpeleka mbali. Akapaka dawa juu kidogo ya mfupa wa kinena, akachoma ganzi, akachukua sindano ndefu.

"Daktari, hapo si pana utumbo?"

"Hapana."

"Umejuaje?"

"Dada, ngoja nitoe mkojo kwanza."

Akaichoma moja kwa moja. Nilifumba macho. Nilipofumbua, mfuko uliounganishwa na sindano ulikuwa unajaa mkojo. Daktari akaumwaga, ukajaa tena, na kile kibuyu kilishuka taratibu mbele ya macho yangu mpaka tumbo la Babu likawa tumbo la mzee tu, lenye makunyanzi. Alikuwa amelala.

Nilitoka nje nikampigia mama. Nilipomweleza, akauliza swali pekee aliloweza kuuliza.

"Mzee ataweza kunywa chai?"

"Ataweza," nilisema. "Birika zima."

Nilimsikia akishusha pumzi.

Miezi miwili baadaye Babu alipasuliwa tezi, na hadi leo ananidai nimrudishie mahari kwa kuwa, anasema, mke aliyemwona hivyo hawezi kuachika bure. Daktari yule hakurudi kunijibu alijuaje kwamba sindano haitakutana na utumbo, alikuwa na wagonjwa wengine. Miaka ilipita kabla sijakaa na kitabu cha anatomia na kusoma kwamba kibofu kitupu hujificha chini, nyuma ya mfupa wa kinena, lakini kikijaa hupanda na kuuinua pamoja nacho utando unaofunika utumbo, hadi ukuta wa mbele wa kibofu unagusana na ukuta wa tumbo bila utumbo kuwa katikati.